Kabla ya kukodi basi, tazama mwezi: ziara za wanafunzi pwani na mikokoni

Ombi linalokuja kwenye kitengo chetu mara kwa mara kutoka skuli za Unguja huwa na sura moja. Mwalimu ameshaelewana na mwenye basi, michango ya wazazi imeshakusanywa, siku imeshatangazwa, na sasa anauliza wanafunzi wapelekwe wapi. Kwa ziara ya pwani, mpango huo umeanzia mwisho. Mwenye basi hana neno katika kuchagua siku. Siku huchaguliwa na mwezi.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Zanzibar hufika karibu mita 4. Wakati wa maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi mita moja hivi. Hayo wavuvi wanayajua, na watoto wao pia. Jambo ambalo walimu wengi hawajalitumia ni saa: siku za bamvua, maji ya pwani yetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Ni saa ileile ambayo wanafunzi wa mkondo wa asubuhi wako skuli, jua halijawa kali sana, na kuna nafasi ya kurudi nyumbani kabla ya chuo cha Qur'ani cha alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka; saa nne asubuhi maji yamejaa mpaka kwenye minazi, na darasa zima limesimama kwenye mchanga likitazama maji.

Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu inatosha kupangia ziara. Chagua siku kati ya tarehe mosi na nne ya mwezi mwandamo, au kati ya tarehe 15 na 18, kisha hakikisha saa kwenye jedwali la maji kupwa na kujaa. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Machi hugongana na mwanzo wa masika, basi mimi humshauri mwalimu achague Septemba. Ramadhani iacheni ipite.

Ziara nyingi huharibika kwa tamaa ya kuona kila kitu. Asubuhi msitu, saa sita pango, saa nane ufukwe, jioni Forodhani kwa maji ya miwa. Mtoto hurudi amechoka, daftari lina sentensi alizosomewa na mtembeza wageni, na ukimuuliza ameona nini atakutajia orodha. Sehemu moja kwa saa tatu inamfundisha mtoto zaidi kuliko sehemu nne kwa siku nzima. Kama skuli yenu iko Uroa, Chwaka, Paje au Jambiani, hamhitaji hata basi, kwani maji yakipwa bahari yote ya ndani ya mwamba ni uwanja wa kusomea, na pengine hutembeleka kilomita moja na zaidi.

Nini kifanyike huko? Anzeni na kitu kimoja mtoto anachoweza kukisubiri. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, kikipinduliwa taratibu ndani ya kidimbwi, bila kutolewa majini, hujipindua chenyewe. Wanafunzi wapime kwa saa kinachukua muda gani. Wakiinama vizuri wataona chini ya kila mkono safu za vijiguu laini vinavyoshika mwamba, na hapo watajibu wenyewe swali la mnyama asiye na miguu ya kawaida anatembeaje. Jongoo bahari anaonekana mvivu, lakini mchanga ulio nyuma yake umekwisha pita tumboni mwake: ameula, akachuja uchafu wenye lishe, akautoa msafi. Mtoto akishaliona hilo ataelewa kwa nini wataalamu hulalamika jongoo wanapovunwa wote na kupelekwa Asia.

Kisha kuna pweza, na hapa nina pendekezo ambalo baadhi ya walimu hulikwepa kwa kudhani litashusha hadhi ya somo. Mwalikeni bibi wa kijijini anayechokoa pweza awe mwalimu wa saa hiyo. Anatambua shimo la pweza kwa makombe matupu na vijiwe vilivyopangwa mlangoni, mahali ambapo mtaalamu mwenye shahada anapita bila kuona. Mwalimu wa sayansi ataongeza yake: pweza ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu kwa sababu hubeba hewa kwa shaba badala ya chuma, na jike hulinda mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Maarifa hayo mawili yakikutana mbele ya wanafunzi, swali la kwa nini vijiji vingine hufunga uvuvi wa pweza kwa muda halihitaji hotuba. Na yule mtoto ambaye mama yake huenda pwani kila bamvua atajikuta, kwa siku moja, ndiye anayejua zaidi darasani. Lipeni jasho la bibi huyo kama mnavyomlipa mtembeza wageni.

Pwani ya mashariki ina na mwani. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na hadi leo wakulima wengi ni wanawake. Aina yenye bei nzuri zaidi, cottonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi yanayopata joto. Kipimajoto cha maabara ya skuli kinatosha hapa. Wanafunzi wapime joto la kidimbwi cha karibu na ufukwe, la shamba la mwani, na la mkondo wenye kina karibu na mwamba, waandike saa na tarakimu. Mabadiliko ya tabianchi, ambayo kwenye kitabu ni mchoro wa mishale na moshi, yanakuwa tarakimu tatu walizozipima wao.

Kwa skuli za mjini na za kusini, mikoko ni rahisi zaidi. Karibu na Pete, upande wa Jozani, kuna njia ya mbao inayopita juu ya tope, na maji yakiwa yamepwa mizizi yote iko wazi. Waulizeni wanafunzi kwa nini miti haikusimama ovyo. Mlilana huwa mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenye mizizi ya kuegemea humfuata, kisha msinzi na mkandaa, na mchu hupatikana hadi nyuma kunakojaa mara chache. Kila mmoja una namna yake ya kuishi na chumvi na tope lisilo na hewa. Mchu hutoa mizizi myembamba inayochomoza juu kama penseli ili ivute hewa, na chumvi huitolea kwenye majani. Mwambie mtoto alambe jani la mchu. Hatalisahau. Mkoko nao hauangushi mbegu. Mbegu huota ikiwa bado juu ya mti, mche mrefu unaning'inia, ukidondoka huchoma tope au huelea hadi upate pa kushika.

Watoto wa Mji Mkongwe wana kazi ya nyumbani inayotokana na msitu huu. Wapime upana wa vyumba vya nyumba za zamani wanazoishi. Watakuta vingi ni vyembamba, kama mita 3 hivi, kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti uliamua upana wa chumba.

Jozani yenyewe, ambayo pamoja na ghuba ya Chwaka ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, watu huiendea kwa ajili ya kima punju. Sawa, lakini msiende kupiga picha tu. Wape wanafunzi dakika 20 za kumwangalia kima mmoja na swali moja: anashikaje tawi? Wenye macho watagundua kwamba hana dole gumba la kuonekana. Swali la pili ni anakula nini, kwa maana tumbo lake limegawanyika kwa ajili ya kuchachusha majani na matunda mabichi, na matunda matamu yaliyoiva humletea madhara. Ndiyo sababu ndizi ya mgeni si ukarimu kwake. Baadhi yao hula makaa kutoka kwenye visiki vilivyoungua, na wanasayansi wanaeleza kwamba makaa hayo hunasa sumu zilizomo kwenye majani ya miembe na mikungu. Simameni mita tatu au zaidi kutoka kwao, na mtoto mwenye mafua abaki nyuma, kwani maradhi yetu huwapata na wao.

Chumbe, kisiwa chenye mnara wa taa wa mwaka 1904 na mwamba wa matumbawe uliohifadhiwa tangu 1994, hupokea wanafunzi kwa ziara za siku moja, na huko mtoto asiyejua kuogelea huvalishwa koti la kuokolea akatazama matumbawe kwa miwani. Nafasi ni chache, hivyo andikeni barua mapema.

Usalama hauna mzaha, na hatari ya kwanza ni maji yanayorudi. Kwenye bahari tambarare maji hayaji kama ukuta kutoka mbele. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, na kundi lililo mbali hujikuta limezungukwa. Tokeni pamoja na maji yanapokupwa, na saa ya kupwa kabisa ikifika geukeni mrudi, hata kama ndio kwanza mmepata kitu kizuri. Mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, mwingine amesimama ufukweni bila kazi nyingine yoyote isipokuwa kuhesabu vichwa.

Kandambili hubaki kwenye tope na mwenyewe akaendelea pekupeku. Vaeni viatu vya kufunga au vya plastiki vyenye mkanda. Kwenye mchanga wenye maji kokoteni miguu, msiinue, ili samaki aitwaye taa aliyejifukia asikie na aondoke. Makombe yenye umbo la pia ya kuchezea yasishikwe kabisa, maana konokono aliyemo ndani hudunga, na sumu ya aina fulani huua mtu mzima. Aliyechomwa na samaki jiwe au taa, mguu wake uingizwe kwenye maji ya moto kiasi anachovumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, huku safari ya kituo cha afya ikianza. Mtu mzima ajaribu maji hayo kwanza kwa mkono wake, kwa sababu mwenye maumivu hapimi vizuri. Chupa mbili za chai zenye maji ya moto ziwemo kwenye mzigo wa kila ziara. Ni kitu ambacho karibu kila skuli husahau.

Wasichana wengi hubaki kavu kwenye ziara zetu, na sababu si woga. Buibui refu likilowa huwa zito na hunasa kwenye mwamba. Barua kwa wazazi iseme wazi: suruali nyepesi chini, juba au gauni linaloishia magotini juu yake, ushungi uliofungwa ukakaza, na nguo za kubadili. Iseme pia kwamba walimu wanawake watakuwepo majini, na mahali pa kubadilishia nguo pamepatikana. Wazazi wanaokataa hubadili mawazo wakishaona kwamba mambo hayo yamefikiriwa kabla.

Vifaa ni vichache: kamba yenye fundo kila mita, fremu ya mianzi ya mita moja kwa mita moja, penseli (wino hutoka na maji), na daftari. Fremu huwekwa kwenye kila fundo la tano kutoka ufukweni kwenda baharini, na kila kundi huhesabu kilichomo. Hakuna kinachobebwa kurudi, hata kombe tupu, kwa sababu kombe tupu ni nyumba ya kaa wa kesho.

Hesabu hizo zisiishie kwa mwalimu wa zamu. Bara kuna klabu za Malihai, za wanafunzi wanaojifunza kuhifadhi wanyamapori na mazingira, tangu 1980, na mwaka 1991 Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alianzisha mpango wa vijana wa mazingira uitwao Roots & Shoots nyumbani kwake Dar es Salaam pamoja na wanafunzi 12 wa sekondari. Klabu ya mazingira ya skuli yenu, hata ikiwa na wanachama wanane, ndiyo inayofaa kutunza daftari. Iandike mahali kamba ilipoanzia, iwe mnazi fulani au ngazi ya diko, tarehe ya mwezi mwandamo na saa. Bamvua ya Septemba ijayo darasa linalofuata litafunga kamba palepale, lihesabu fremu zilezile, na kuulizana viti vya pweza vimeongezeka au vimepungua.