Taka Inayojifanya Msaada: Kukagua Mahariri ya Wikipedia ya Kiswahili

Spamu ya kelele haitupi taabu. Mtu akibandika tangazo la kamari kwa herufi kubwa katikati ya makala ya Likoni, na namba ya WhatsApp chini yake, yeyote anayepita ataliona na kuliondoa. Inayotutesa ni ile inayokuja kwa adabu: hariri ndogo, muhtasari mzuri wa kueleza kilichobadilishwa, tanbihi iliyopangwa sawasawa. Kikulacho ki nguoni mwako. Na makala za Mombasa zinaandamwa kwa sababu iliyo wazi. Nyali, Bamburi, Mji wa Kale na Boma la Yesu ni majina ambayo watalii huyatafuta, na penye mtalii hapakosi mtu wa kuuza chumba, teksi au safari ya Tsavo.

Wengine huuliza kwa nini wauzaji wajisumbue, ilhali tangu 2007 viungo vya nje vya Wikipedia huwekewa alama ya nofollow, inayoziambia injini za utafutaji zisivihesabu kama kura ya kuipandisha tovuti. Lakini msomaji haioni alama hiyo, yeye hubonyeza tu. Tena tangu 2019 Google huichukua kama dokezo, si amri. Na Wikipedia yenye wakaguzi wachache kama yetu ni windo jepesi, kwani kiungo kinaweza kukaa miezi bila kuguswa.

Ujanja unaohitaji jicho kali zaidi ni wa kiungo kilichokufa. Tuseme makala ya Boma la Yesu inaeleza kwamba ngome hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, na tanbihi yake inaelekeza kwenye ukurasa wa UNESCO. Anakuja mhariri, anaandika kwenye muhtasari "nimerekebisha kiungo kisichofanya kazi", anaweka anwani nyingine. Katika Mabadiliko ya Karibuni, ukurasa unaoorodhesha mahariri mapya, utaona tofauti ya baiti chache tu, kwa hiyo jicho linapita. Fungua ulinganisho wa matoleo mawili. Upande wa kushoto unaonyesha kilichotolewa, na hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujatazama kilichoingizwa. Nakili anwani ya zamani uifungue. Ikifunguka, muhtasari ulikuwa uongo, tengua. Isipofunguka, itafute kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hazina ya nakala za zamani za kurasa za mtandao. Mara nyingi utapata nakala ya ukurasa wenyewe, na hiyo ndiyo inayostahili kuwekwa badala yake. Baada ya hapo ndipo ufungue anwani mpya na kuisoma hadi chini kabisa. Ukurasa wa taka huwa na aya mbili tatu za historia, aghalabu zimenyofolewa kutoka makala yetu wenyewe, kisha kitufe cha kuweka nafasi.

Kuna ndugu yake ambaye haonekani katika historia ya ukurasa hata kidogo. Tovuti ya kweli, labda ya shule au chama, inaacha kulipiwa jina lake. Mtu mwingine analinunua na kuweka kamari. Hakuna aliyehariri chochote. Hii huipati kwa kukagua mahariri, bali kwa kubonyeza viungo vya zamani mara kwa mara. Usikifute chanzo. Weka nakala ya Wayback ya tarehe iliyotangulia kuuzwa kwa jina, na anwani ya asili isiachwe ikibonyezeka.

Ukishaingiwa na shaka, fungua michango ya akaunti, utazame mpangilio wake kuliko idadi. Akaunti mpya inapoongeza kiungo cha nje, programu huitaka kwanza ithibitishe si roboti. Sharti hilo huondoka akaunti ikifikisha siku 4, na katika baadhi ya Wikipedia ikiwa pia na idadi fulani ya mahariri. Ndiyo maana utakuta akaunti imefunguliwa, ikarekebisha koma tano sita katika makala zisizohusiana, ikanyamaza, halafu siku ya tano ikaanza kupanda viungo, vyote vya tovuti moja. Anayeipenda Nyali huongeza maneno. Huyu huongeza anwani tu.

Dalili nyingine ni za haraka. Sauti ikigeuka ghafla kutoka "hoteli hiyo" kuwa "wageni wetu", umeshampata mwenye mali. Viungo vya WhatsApp, vinavyoanza na wa.me, utavinasa kwa kuandika insource:"wa.me" kwenye kisanduku cha kutafuta. Anwani yenye mkia wa ref= au aff= baada ya alama ya kuuliza mara nyingi humlipa mtu kwa kila mteja; ukurasa wenyewe ukiwa chanzo kizuri, kata mkia, bakiza anwani. Na neno lililopaswa kunaswa na kichujio, yaani programu inayozuia maneno ya taka, likipita huku linasomeka vizuri, usiliamini jicho. Bonyeza Ctrl na F, uliandike mwenyewe. Kivinjari kikisema halipo ilhali liko mbele yako, huenda ndani yake mna herufi ya Kirusi inayofanana na a yetu, au nafasi isiyo na upana iliyopachikwa katikati.

Kuondoa nako kuna mtego. Kitufe cha kurejesha hutengua mahariri yote mfululizo ya mhariri wa mwisho na kusimama kwenye toleo la aliyemtangulia. Basi akaunti ya kwanza inaweka kiungo, ya pili inakuja kugusa koma. Ukirejesha unaondoa koma na kukibakiza kiungo, tena sasa kina baraka ya jina lako. Rudi nyuma katika historia hadi jina unaloliamini, linganisha toleo hilo na la sasa, ndipo ulihifadhi hilo la zamani.

Usiishie ukurasa mmoja. Ukurasa maalumu wa kutafuta viungo vya nje huonyesha kila mahali tovuti ilipopandwa, ukiandika *.mfano.com unapata na matawi yake. Safisha kwanza, kisha uombe mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, aiweke kwenye orodha ya kuzuia. Ukizuia kabla ya kusafisha, mtu mwema anayerudisha aya ya zamani yenye kiungo hicho atakataliwa kuhifadhi. Taka ikiwa imefika Wikipedia za lugha nyingine, ombi hupelekwa Meta-Wiki, tovuti ya kuratibu miradi ya Wikimedia, ambako orodha hulinda miradi yote ya Wikimedia. Zuia jina kamili la tovuti. Anayezuia "bet" ili kunasa kamari amezuia Tibet, Elizabeth na alfabeti.

Si kila anayeweka kiungo ni muuzaji, na Wikipedia yetu haina waandishi wa kupoteza. Mwenye nyumba ya wageni Mtwapa akisahihisha jina la barabara na kuacha anwani yake hapo, bakiza sahihisho, ondoa anwani, umwandikie kwenye ukurasa wake wa majadiliano kwa maneno yako mwenyewe: umetoa nini, kwa nini, na sentensi yake ipi imebaki. Akijibu, msaidie kutafuta chanzo. Akikirudisha kiungo kimyakimya, mpe onyo. Akirudia tena, peleka shauri kwa wakabidhi pamoja na viungo vya hariri zote husika, ili mkabidhi asianze kuchimba historia upya.