Mvumo wa Umeme katika Amplifaya ya Valvu

Mvumo ni ile sauti nzito isiyokoma inayotoka kwenye spika hata mpiga gitaa asipogusa uzi, na asili yake ni umeme wa ukutani, ambao hapa Tanzania huzunguka mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50.

Mvumo una noti, na noti hiyo ndiyo inayomwonyesha fundi pa kuanzia. Mpiga besi wa kwaya, awe Mbeya mjini au Tukuyu, akibonyeza uzi mnene kwenye freti ya tatu (nafasi ya tatu shingoni mwa gitaa) hupata noti ya G ya takriban hezi 49. Mvumo unaolingana nayo ni wa hezi 50, na mara nyingi huingia kupitia pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi), waya wa gitaa, au nyaya za voliti 6.3 zinazopasha moto valvu, yaani mirija ya kioo inayokuza sauti. Freti hiyohiyo kwenye uzi mnene wa gitaa la kawaida hutoa hezi 98, karibu kabisa na mvumo wa hezi 100. Huu wa pili hutokana na rektifaya, sehemu inayofanya umeme uende upande mmoja tu, ambayo hugeuza nusu hasi ya kila mzunguko ikawa chanya, hivyo mawimbi huwa mawili badala ya moja. Kapasita kubwa za kuchuja, yaani vihifadhi chaji vinavyosawazisha umeme huo, zikikauka kwa uzee, mawimbi hayo hupita hadi kwenye spika. Vitabu vya Marekani hutaja 60 na 120 kwa sababu umeme wa huko ni wa hezi 60, na fundi wa Iringa anayevifuata bila kugeuza namba hizo atatafuta noti isiyokuwepo.

Baada ya kusikiliza, punguza volyumu hadi sifuri. Mvumo ukiisha, tatizo liko kabla ya kitufe hicho: gitaa, waya wake, au valvu ya kwanza. Ukibaki vilevile, angalia kapasita, kisha valvu za kutolea sauti, kwa kuwa jozi isiyolingana nayo huvuma.

Wapo wanaokata waya wa ethi (waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini) kwenye plagi, na ni kweli kwamba mvumo unaweza kutulia pale amplifaya na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) zilipochomekwa kwenye soketi tofauti. Jambo hilo halifai hata kidogo, kwani hitilafu ikitokea ndani, nyuzi za gitaa zenyewe hubeba umeme, na mwimbaji aliyeshika gitaa huku midomo yake ikigusa maikrofoni anaweza kupoteza maisha. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja yenye ethi.

Anayefungua amplifaya, awe kwenye kibanda cha Mwanjelwa au sebuleni kwake, akumbuke kuwa kapasita zinaweza kubaki na voliti 400 au zaidi baada ya plagi kuchomolewa. Zimalizwe chaji kupitia rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme), kisha zipimwe kwa mita kabla mkono haujaingia ndani.