Miadi ya kesho isihifadhiwe kwa UTC peke yake

Shule moja ya mtandaoni iliniomba niwaandikie programu ya ratiba. Walimu walikuwa Zanzibar na Dar es Salaam, wanafunzi ni watoto wanaokulia London ambao wazazi wao hawataki Kiswahili kiwapotee. Kipindi kilikuwa kila Jumamosi saa nne asubuhi kwa saa za London, yaani saa saba mchana kwetu. Nikafanya kama tulivyofundishwa wengi wetu: kila saa igeuzwe UTC, saa ya pamoja ya dunia ambayo haisogezwi kwa majira, kabla ya kuingia kwenye hifadhidata. Nikahifadhi 10:00, maana wakati wa baridi saa ya London ni sawa na UTC.

Januari hadi Machi hakuna aliyelalamika. Jumapili ya tarehe 31 Machi 2024 Uingereza ikasogeza saa mbele kwa saa moja kwa ajili ya majira ya joto. Jumamosi iliyofuata watoto wakakaa mbele ya kompyuta saa nne kamili kama walivyozoea, mwalimu hayupo. Huku kwetu ilikuwa saa sita, na ratiba ya mwalimu ilisema saa saba, kwa hiyo alikuwa bado sokoni. Programu yangu ilikihamishia kipindi saa tano ya London bila mtu kuiagiza. Wazazi wakamlaumu mwalimu. Hilo liliniuma sana, maana kosa lilikuwa langu.

UTC inafaa kabisa kwa jambo lililokwisha kutokea: malipo yaliyoingia, ujumbe uliotumwa, mtu aliyefungua akaunti. Miadi ijayo ni kitu kingine. Mzazi wa London aliahidiwa saa nne ya ukutani kwake, Januari na Julai vilevile. Kwa hiyo siku hizi nahifadhi vitu viwili: saa ya ukutani, 10:00, na jina la mahali, Europe/London. UTC naikokotoa kutokana na hivyo viwili, na naikokotoa upya kila kanuni za saa zinapobadilika.

Na zinabadilika, tena kwa taarifa fupi. Sudani Kusini ilitoka UTC+3 ikaenda UTC+2 tarehe 1 Februari 2021. Misri ilirudisha saa za majira ya joto mwaka 2023 baada ya kuziacha kwa miaka kadhaa. Machi ya mwaka huohuo serikali ya Lebanoni iliahirisha kusogeza saa zikiwa zimebaki siku chache tu, baadhi ya taasisi zikakataa, na uamuzi ukafutwa. Aliyekuwa ameshageuza miadi yote ya Beirut kuwa UTC alibaki na namba ambazo hazikumwambia mwenye miadi alitaka saa ngapi.

Sisi tulio karibu na ikweta tunasahau haya kirahisi. Mchana wetu haurefuki wala kufupika kwa kiasi cha kumfanya mtu aguse saa, basi tunaandika +3 na kuendelea. Lakini +3 ni tofauti tu kati ya saa yetu na UTC. Ukanda wa saa ni historia nzima ya mahali: sheria zake, na siku kila sheria ilipoanza. Historia hiyo imo katika hifadhidata aliyoianzisha Arthur David Olson miaka ya 1980, ambayo sasa inatolewa na IANA, taasisi inayoratibu majina na namba za intaneti. Hata Nairobi ina yake: kabla ya 1942 iliwahi kufuata +2:30, kisha +2:45, na kabla ya hapo saa ya jua la palepale. Anayetumia pytz, maktaba ya zamani (yaani msimbo ulioandikwa tayari) ya lugha ya programu ya Python, akaupachika ukanda wa Africa/Nairobi moja kwa moja kwenye tarehe, hupata +2:27 badala ya +3. Dakika zaidi ya thelathini zinapotea, na msimbo hautoi kosa lolote. Tumia zoneinfo, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.9.

Jambo dogo lakini lenye hasara: usipange kazi ya seva 1:30 ya usiku wa manane (saa saba na nusu usiku) kwa saa za London. Siku ya kusogeza mbele 1:30 haipo kabisa, na siku ya kurudisha nyuma inapita mara mbili.

Kisha kuna saa zetu za Kiswahili, na hapa hakuna maktaba niliyoitegemea. Mwalimu akiandika "saa 2" anamaanisha 8:00 au 20:00, wakati fomu iliyotengenezwa kwa wengine inasoma 2:00. Nimeiondoa sehemu ya kuandika namba tupu. Mtumiaji anachagua saa pamoja na neno lake, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na programu inahifadhi kwa saa 24. Kuonyesha ni rahisi: toa sita; jibu likiwa sifuri au chini yake ongeza kumi na mbili, na likizidi kumi na mbili toa kumi na mbili. Kinachonisumbua zaidi ni siku. Mtu akisema Jumatatu saa nane usiku, kalenda ya kompyuta inasema Jumanne 2:00, naye mwenyewe bado anaihesabu Jumatatu kwa kuwa hajalala. Kwa hiyo kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, programu haimwonyeshi jina la siku peke yake kabla ya kuthibitisha. Inamwandikia "saa nane usiku wa kuamkia Jumanne", na tangu niliongeze hilo hakuna mwalimu aliyepiga simu kuuliza ni usiku upi.