Mkurugenzi Kaondoka, Mkataba Upo: Uvumi na Ukweli wa Ofisi ya Kimataifa Chuoni

Ilikuwa Juni, baridi ya Mbeya imeshika kweli kweli, tangazo likabandikwa ubaoni: ofisi ya uhusiano wa kimataifa imepata mkurugenzi mpya. Chuo sikitaji. Nilikuwa mratibu mdogo wa ofisi hiyo, na nilipofika kwa mama ntilie mchana nikakuta habari imeshaiva kuliko maharage. Mzee katumbuliwa, kala hela za Wazungu, mikataba yote imekwisha, na wanafunzi wa kigeni wajiandae kurudi kwao.

La kutumbuliwa halichukui muda. Katika vyuo vyetu vingi, anayeongoza ofisi kama hii ni mhadhiri aliyepewa madaraka kwa kipindi maalumu, huku vipindi vya darasani vikimsubiri. Muda ukiisha anarudi idarani. Wetu alionekana Jumatatu iliyofuata na chaki mkononi. Ila tangu 2015 neno hilo limetuingia mno mdomoni, hata anayemaliza zamu yake kwa amani hapewi jingine.

Uvumi wenye uzito ni ule wa mikataba. Watu huamini kwamba ushirikiano na chuo cha nje ni mali ya aliyeuleta, hivyo akiondoka anaondoka nao. Sivyo. Hati ya makubaliano huwafunga chuo na chuo. Hupita kwa mwanasheria, kisha husainiwa na kiongozi mwenye mamlaka, mara nyingi Makamu Mkuu wa Chuo. (Wengi hudhani mwenye chuo ni Mkuu wa Chuo. Rais mstaafu Jakaya Kikwete aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2016, na tunamwona akitunuku shahada. Shughuli za kila siku ziko kwa Makamu. Mkwawa, pale Iringa, kwa kuwa ni chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, kinaongozwa na Rasi.) Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, nao hudai vyuo viwili viandikiane makubaliano kabla mwanafunzi hajavuka bahari. Hati hiyo haijali nani kakalia kiti.

Hata hivyo, siwezi kuucheka uvumi huo moja kwa moja. Kuna kitu huondoka kweli, nacho ni barua pepe. Kwa miaka mzee wetu aliandikiana na wenzake wa Ulaya kwa anwani yake binafsi, kwa sababu ya chuo ilikuwa inagoma kila wiki. Barua ya kuomba majina ya wanafunzi wa kubadilishana ikaenda huko huko. Yeye alikuwa kijijini kwenye utafiti, mtandao hakuna. Sisi tulikuwa tunapekua mafaili. Tulipoijua, siku ya mwisho ilikuwa imepita. Mkataba ulikuwa kabatini, mzima, na muhuri wake. Mimi ndiye niliyetumwa kumweleza binti mmoja ambaye tayari alikuwa ameshonewa koti zito na shangazi yake.

Na hizo hela za Wazungu? Katika safari za namna hii, chuo cha Ulaya ndicho kinachosimamia mradi na malipo ya posho ya mwanafunzi. Ofisi yetu ilikuwa na printa moja yenye kikohozi.

Kijana mmoja kutoka Karonga alinijia akitetemeka: “Kaka, kibali changu kilishughulikiwa na mkurugenzi wa zamani. Si kitafutwa?” Mmalawi huvuka Kasumulu bila viza, lakini akija kusoma anahitaji kibali cha ukaazi daraja C, na anayetoa ni Idara ya Uhamiaji. Chuo huandika barua ya kumtambulisha tu. Nilimwambia aangalie tarehe ya kuisha kibali na ya pasipoti, halafu alete ombi la barua mapema, kwani ofisi inapobadilisha watu saini huchelewa. Hapo tu ndipo hofu yake ilikuwa na msingi.

Kabla mkurugenzi mpya hajashika kiti, wapo pia waliosema tusubiri, kaimu hawezi kusaini kitu. Kaimu aliyekaimishwa kwa barua husaini ndani ya mipaka ya barua hiyo. Tulisubiri wiki mbili bure kwa kutoisoma.

Mkurugenzi mpya, mama asiye na maneno mengi, hakugusa samani wala kubadili rangi ya ukuta. Aliwaita watu wa TEHAMA wafungue anwani moja ya ofisi, inayofunguliwa na watu watatu. Kisha akanipa kaunta buku: niandike kila chuo tunachoshirikiana nacho, mtu wa kumpata, na tarehe hati inapoisha. Ukurasa wa kwanza ulibeba jina la yule mzee na namba ya chumba chake idarani, maana nusu ya majibu alikuwa nayo yeye bado.