Kabla hujabadilisha bodi, piga picha ya skrini

Wiki iliyopita kijana mmoja alinifuata Mwanjelwa, hapa Mbeya, kutoka Iyunga, laptopu kaibeba kwenye begi la nguo.

"Shikamoo fundi. Nikifungua gemu la mpira, mistari ya kijani inakatiza uwanja mzima. Nimeambiwa kadi ya picha imekufa, nibadilishe bodi, ile sakiti kuu."

"Marahaba mdogo wangu. Washa hapa, tuone."

Sikufungua hata skrubu moja. Mistari ilipotokea nikamwambia abonyeze kitufe cha kupiga picha ya skrini, anitumie kwenye simu. Kwenye simu yangu nyasi zilikuwa safi, wachezaji safi, matokeo yanasomeka. Mstari hakuna.

Picha ya skrini huchukuliwa kwenye kumbukumbu, pale kadi inapoweka ilichokwisha kuchora, kabla hakijapita kwenye waya kwenda kwenye kioo. Ikiwa safi, kadi imefanya kazi yake. Ubovu utafute mbele, kwenye waya wa skrini au kioo chenyewe. Nikashika kioo nikakirudisha mbele polepole. Kilipokaribia kusimama wima, mistari ikatoweka. Kumbe akisoma hukisimamisha, akicheza hukilaza nyuma, na waya unaopita kwenye bawaba ulikuwa umechubuka. Tulibadilisha waya tu.

Inaniuma mtu kuuziwa bodi, au bodi nzima kuchomwa kwa bloa, kile kifaa cha hewa ya moto, bila jaribio hili la dakika moja. Ukiwa na televisheni na waya wa HDMI, hakikisha zaidi: televisheni ikionyesha vizuri huku laptopu ina mistari, kadi usiiguse.

Mistari ikionekana ndani ya picha yenyewe, hapo rudi kwenye kadi na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Ondoa draiva ya zamani, weka inayotolewa na mtengenezaji wa laptopu au wa kadi. Ila kama mistari ipo tangu unawasha mashine, kabla Windows haijaingia, draiva haihusiki.

Gemu likianza vizuri, kisha baada ya robo saa likaanza kukwamakwama, shuku joto. Watu hushangaa: joto Mbeya? Ndiyo. Juni na Julai wengi mnachezea kitandani, laptopu juu ya blanketi, na blanketi limeziba matundu ya hewa ya chini. Kiangazi vumbi nalo hujazana kwenye feni. Iweke mezani, safisha feni, badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka.

Gemu zito tangu mwanzo? Chomeka chaja kwanza. Laptopu yenye kadi mbili za picha huweza kuliendesha gemu kwa ile dhaifu. Ingia mipangilio ya Windows, upande wa skrini, sehemu ya grafiki, ulichagulie gemu kadi yenye nguvu.

Wenye mitumba ya mwaka 2012 yenye Intel HD Graphics 4000, gemu linalodai DirectX 12, mfumo wa Windows ambao gemu hutumia kuchora kupitia kadi, halitafunguka. Kadi hiyo haina uwezo huo, na hakuna draiva ya kuuongeza. Usimlipe mtu akujaribie.

Ukija kwangu na mistari, njoo na ile picha kwenye simu.