Kisukari, Diklofenaki na Damu Iingiayo Kwenye Figo

Damu hupitaje ndani ya figo?

Figo mbili za mtu mzima hupokea takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani zaidi ya lita moja kila dakika. Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni fundo la mishipa myembamba lenye mshipa mmoja wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Wa kuingiza ukilegea, au wa kutoa ukibana, presha ndani ya kichujio hupanda.

Kisukari hubadili nini hapo?

Wengi hudhani kwamba kisukari huanza kwa kuidhoofisha figo, kumbe mara nyingi mwanzoni huifanya ichuje kupita kiasi. Sukari inapozidi, figo huirudisha kwenye damu pamoja na chumvi, hivyo chumvi inayofika mbele ya mirija yake hupungua, nayo figo huitikia kana kwamba haichuji vya kutosha na kuulegeza mshipa wa kuingiza damu. Homoni ya anjiotensini, kwa upande wake, huubana ule wa kutoa. Kichujio kikikaa miaka chini ya presha hiyo, protini iitwayo albumini huanza kuvuja kwenye mkojo, kisha makovu hujengeka, na yote hayo mgonjwa hasikii maumivu yoyote.

Dawa za maumivu zinahusikaje?

Ibuprofeni, diklofenaki, naproksini na indometasini hutuliza maumivu na uvimbe kwa kuuzibia mwili njia ya kutengeneza prostaglandini, yaani kemikali za mwili zinazochochea maumivu na uvimbe, utendaji ambao mwanasayansi John Vane aliueleza mwaka 1971 alipochunguza aspirini. Prostaglandini hizohizo ndizo huuweka wazi mshipa wa kuingiza damu pale damu ya kwenda kwenye figo inapopungua. Kijana mwenye afya hazitegemei sana, ndiyo maana vidonge vya siku mbili kwa kawaida havimdhuru. Mwenye kisukari ambaye figo zake zimekwisha kuathirika, au mzee aliyeharisha siku nzima, huzitegemea mno, na akimeza diklofenaki uchujaji unaweza kushuka ndani ya siku chache.

Kama kisukari hupandisha presha ya kichujio na dawa huishusha, je, hazisawazishani?

Swali hili lina mantiki, na ni kweli kwamba dawa hizi zinaweza kupunguza protini kwenye mkojo. Lakini hufanya hivyo kwa kuinyima figo damu. Sehemu ya ndani ya figo, ambayo hata siku za kawaida hupata oksijeni kidogo, hupoteza kinga yake. Chumvi na maji hubaki mwilini, presha ya damu hupanda, na madini ya potasiamu kwenye damu yanaweza kuzidi. Enalaprili na losartani, ambazo ni dawa za presha ya damu, hupita njia nyingine: huzuia kazi ya anjiotensini na hivyo huulegeza mshipa wa kutoa damu, presha ikashuka bila mlango wa kuingilia kufungwa.

Natumia losartani na dawa ya kukojosha. Je, naweza kuongeza diklofenaki?

Usiongeze bila daktari kujua. Dawa ya kukojosha hupunguza maji mwilini, losartani hulegeza mshipa wa kutoa, na diklofenaki hubana wa kuingiza; zikikutana zote tatu, kichujio kinaweza kukosa msukumo wa kutosha.

Basi nikiumwa goti nitumie nini?

Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo chaguo la kwanza kwa wengi. Diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo zaidi kuliko kidonge, ingawa huingia. Sindano, ambayo watu huiomba wakiamini ni salama zaidi, haiikwepi figo hata kidogo. Dukani uliza kidonge kina nini ndani, kwa kuwa vipo vinavyochanganya parasetamoli na diklofenaki. Aspirini ya miligramu 75 uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo ni suala jingine, usiiache mwenyewe.

Mwenye kisukari apimwe albumini ya mkojo na kreatinini ya damu (taka ambayo figo huiondoa) angalau mara moja kwa mwaka, na akiona mkojo umepungua au miguu imevimba baada ya kutumia diklofenaki au dawa za maumivu za jamii yake, aziache na aende hospitali siku hiyohiyo.