Kusoma na elimu maalumu havifai kutenganishwa katika mafunzo ya walimu

Waandaaji wa mafunzo ya walimu huku magharibi mwa Uganda wamezoea kugawa ratiba mara mbili. Kwanza wiki ya kusoma na kuandika kwa walimu wa madarasa ya chini. Kisha, fedha zikipatikana, siku chache za elimu maalumu kwa mwalimu mmoja atakayeteuliwa na mwalimu mkuu. Mimi hufundisha yote mawili, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyoamini kwamba mgawanyo huu unawaumiza watoto walewale tunaotaka kuwatetea. Mtoto asiyeona kabisa, au anayekuja kwa kiti cha magurudumu, shule inamjua. Anayepotea ni yule ambaye hakuna aliyemshuku mpaka alipoanza kujifunza kusoma. Na mtu aliye mbele yake saa hiyo ni mwalimu wa kusoma, si yule aliyeteuliwa.

Chukua shule zinazopokea watoto wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Familia nyingi zilizotoka Kongo huzungumza Kiswahili nyumbani. Mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007 unataka darasa la kwanza hadi la tatu lifundishwe kwa lugha ya eneo, la nne liwe la mpito kwenda Kiingereza. Lugha ya eneo hapo ni Runyankore-Rukiga, na panapokuwa na mchanganyiko mkubwa wa watoto shule huanza na Kiingereza moja kwa moja. Kwa hiyo mtoto aliyetoka Kivu anatakiwa aunganishe sauti za maneno ambayo hajapata kuyasikia. Akishindwa, wenzake na hata walimu humwita mzito. Kabla ya kumpa jina lolote, msikilize kwa Kiswahili, au mwombe mwalimu msaidizi anayekijua amsikilize. Asimulie alichofanya jana. Muulize kama “mama” na “meza” huanza kwa sauti moja, kisha “mama” na “kuku”. Akijibu vizuri, yaelekea tatizo si ulemavu wa kujifunza. Ana njaa ya lugha, na lugha hufundishwa.

Hatua ya pili ni kumtenga mtoto na kelele za darasa. Darasa la watoto mia moja na zaidi husoma kwa pamoja, mwalimu akitangulia na watoto wakiitikia, na katika mwitikio huo haiwezekani kumsikia mmoja. Niliwahi kukaa na msichana wa darasa la pili aliyesoma ukurasa mzima bila kusita: “Baba ana ng'ombe. Ng'ombe anakula nyasi.” Mwalimu wake alifurahi sana. Nikafunika picha, nikaweka kidole chini ya “nyasi”. Msichana akanyamaza, kisha akaanza kunong'ona kutoka “Baba ana…” mpaka akalifikia neno. Alikuwa amekariri. Alikuwa na kumbukumbu nzuri ajabu, na hiyo ndiyo iliyomficha.

Kwa sababu hiyo kila mwalimu ninayemfundisha hutengeneza kadi zake kwa maboksi ya katoni: ma, ti, ko, be, su, la, bila mpangilio, kisha maneno ya kubuni kama “besu” na “tisube”. Neno la kubuni halikaririki.

Sasa niseme jambo ambalo orodha nyingi za dalili za disleksia (ugumu wa kudumu wa kusoma maneno) zinazozunguka kwenye semina zetu hazilisemi. Orodha hizo zimetokana na watoto wanaosoma Kiingereza, ambacho maandishi yake hayafuati sauti kwa uaminifu. Huko mtoto mwenye disleksia hujulikana kwa wingi wa makosa. Katika lugha ambazo kila herufi hutoa sauti yake ileile, utafiti umeonyesha kwamba mtoto huyo hatimaye husoma maneno kwa usahihi, lakini polepole mno. Kiswahili ni lugha ya namna hiyo. Kwa hiyo mwalimu anayesubiri makosa atasubiri hadi darasa la tano. Asikilize mwendo: mtoto ambaye baada ya mwaka mzima wa mazoezi bado anasoma “wa-na-ku-la” silabi moja moja, huku wenzake wakilisema neno kwa mkupuo, huyo anahitaji msaada wa karibu. Kuchanganya b na d peke yake si ushahidi wa kitu katika darasa la kwanza. Wengi wanaoanza kusoma huzichanganya.

Macho na masikio nayataja kwa ufupi, si kwa sababu ni madogo. Anayenakili ubaoni vibaya lakini husoma vizuri kitabu kikiwa mkononi, mpime macho. Anayejibu akiwa anakutazama usoni na kupotea unapogeukia ubao, mwangalie masikio. Sikio linalotoa usaha huondoa usikivu wiki hii na kuurudisha wiki ijayo, na mtoto huonekana mkaidi kumbe alisikia nusu. Hilo ni la kituo cha afya, si la fimbo.

Je, mwalimu anajifunza haya wapi? Chuo Kikuu cha Kyambogo kina kitivo cha elimu maalumu kilichotokana na taasisi iliyoanzishwa mwaka 1991, na sera ya walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na shahada. Hatua nzuri. Lakini shahada haimfikii aliye darasani leo. Kwake, kinachofanya kazi ni kutembelewa. Huko Lango, kaskazini, programu ya kufundisha kusoma kwa Leblango, lugha ya eneo hilo, ilijaribiwa kwa namna mbili, na watafiti Jason Kerwin na Rebecca Thornton wakachapisha matokeo mwaka 2021. Programu kamili, yenye ufuatiliaji wa karibu na vibao vya kuandikia, iliinua kusoma kwa kiasi kikubwa. Ile iliyopunguzwa gharama, mafunzo yakipitia kwa wakufunzi wa serikali na baadhi ya vifaa vikiondolewa, iliinua kusoma kwa kiasi kidogo zaidi, na katika baadhi ya stadi za kuandika watoto waliachwa nyuma hata na wale ambao hawakupata programu yoyote. Wafadhili wanaoniomba nipunguze ziara za darasani ili wafundishwe walimu wengi zaidi ukumbini huwa nawapa matokeo hayo wayasome.

Mwalimu mkuu anayetaka kuanza bila kusubiri mradi anaweza. Ampe mwalimu wa darasa la kwanza nusu saa kila Ijumaa, mwenzake ashike darasa, naye akae nje chini ya mti na watoto watano, mmoja mmoja, na kadi zake. Aandike kwenye daftari alichosikia: lugha, mwendo, macho, masikio. Ijumaa inayofuata, watano wengine.